Mistari ya Pembeni Haipimwi

Alizaliwa wapi na kwa nani, alisoma shule gani, hayo sitayagusa, na si kwamba nayaficha. Yeye mwenyewe angeniuliza nimepata wapi muda wa kuandika mambo ya pembeni. Neno hilo alilitoa shambani. Anayepanda mahindi kwa ajili ya utafiti hapimi mavuno ya mistari ya ukingoni, kwa sababu mistari hiyo hupata jua na upepo zaidi kuliko mingine na huharibu hesabu. Hupima ya ndani tu. Basi kwake kila kisichopimwa kilikuwa cha pembeni: umbea, nguo mpya, ugomvi wa kwaya, hata wanaume. Sisi wa Mshangano, kando ya mji wa Songea, tulimwita Bibi Shamba, maana ndiyo kazi aliyokuja nayo kutoka serikalini, na jina lake la ubatizo tulimwachia padri.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Songea. Nyumba yangu ilipakana na yake, na kati yetu kulikuwa na ua wa minyaa ambao kuku wake hawakuutambua hata siku moja. Ndivyo tulivyofahamiana, kwa ugomvi wa kuku. Baadaye ndiye aliyeniletea kazi ya kupiga chapa kitabu chake, nami nikakipiga mara nyingi kiasi kwamba nilijua kwa Kiingereza maneno ya udongo ambayo kwa Kiswahili sikuwahi kuyasikia.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye buti za mpira alizozivaa hata Jumapili akitoka kanisani. Aliendesha baiskeli ya kiume na hakujali waliotazama. Ukimwalika harusini ungemkosa kwenye viti, ukamkuta nyuma ya nyumba amechuchumaa anavunja bonge la udongo na kulinusa. Kwenye kwaya aliimba kwa sauti kubwa na vibaya, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mwavuli wake hakumwazima mtu, alisema miavuli hairudi. Lakini nilipojifungua mtoto wangu wa pili wakati wa baridi ya Juni, aliniletea blanketi lake la pekee, akalala na makoti. Aliwahubiria wakulima uvumilivu kutoka Lizaboni hadi Matogoro, ilhali kucha zake mwenyewe alizitafuna mpaka nyamani.

Kitabu nilichokitaja kilikuwa tasnifu ya shahada ya pili. Serikali ilimruhusu kwenda chuo kikuu, safari ya basi ya kutwa nzima, akasoma darasani akafaulu, kisha akarudi Mshangano kufanya utafiti katika shamba lake mwenyewe. Swali lake lilikuwa rahisi, hata mimi nililielewa. Mkulima wa Songea akikosa mbolea ya chumvichumvi, ile ya dukani, je, marejea yatamtosha? Marejea ni ile mimea ya maua ya njano ambayo hupandwa na kufukiwa ikiwa mibichi ili irutubishe udongo. Alipoanza kuuliza swali hilo watu walimcheka. Mbolea ilikuwa ya bei ya serikali na ushirika uliileta hadi karibu na mlango, sasa nani ahangaike na majani? Halafu serikali ikaanza kujitoa. Ruzuku ikapungua, ikapungua tena, ushirika ukalegea, wafanyabiashara wakaleta mbolea kwa bei wanazozijua wenyewe, na mahindi ya wilaya nzima yakaanza kuwa ya njano. Hapo kicheko kilikatika.

Shamba lake aliligawa vipande. Vingine aliviwekea chumvichumvi, vingine alifukia marejea, na vingine hakuviwekea kitu. Hivi vya mwisho aliviita vipande vitupu, na ndivyo alivyovilinda kuliko vyote, kwa sababu usipojua mahindi yanatoa kiasi gani yakiachwa hivihivi, huwezi kusema marejea yameongeza nini. Alitakiwa kupima mavuno ya misimu mitatu mfululizo. Baada ya hapo aandike, apewe shahada, apelekwe kituo cha utafiti ambako aliambiwa nafasi yake inamngoja. Hilo ndilo jambo pekee ambalo sikuwahi kumsikia akiliita la pembeni.

Msimamizi wake wa kwanza alipata kazi nchi za nje akaondoka bila kuaga. Miaka ile walimu wa vyuo waliondoka hivyo, mshahara ukiwa haufiki popote. Wa pili alisoma sura zote nilizokwisha kuzipiga, akasema ziandikwe upya kwa mpango mwingine. Nikapiga upya. Utepe wa taipureta ukafifia mpaka herufi zikawa za kubahatisha, na bosi wangu akaanza kuuliza karatasi za kaboni zinakwenda wapi.

Kulikuwa pia na bwana mmoja wa Tunduru, mfanyabiashara wa korosho, mtu mpole mwenye kofia safi, ambaye alikuja Songea kununua mahindi na kuongeza siku za kukaa kwa visingizio vilivyokuwa wazi kwa kila mtu. Alimwambia Bibi Shamba kwamba atamngoja amalize masomo, inshallah. Akangoja kweli. Kila alipokuja aliuliza kwa adabu kama kitabu kimekwisha, na kila mara kilikuwa bado. Mwishowe akaoa kwao, na akaja mwenyewe kumwambia, jambo ambalo mimi nilimheshimu nalo. Bibi Shamba alimpikia, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi moja kwa moja bustanini kupalilia mboga. Nilimfuata nikamuuliza kama yu salama. Akasema hayo ni ya pembeni. Lakini alikuwa anakata mchicha pamoja na magugu, ikabidi nimnyang'anye jembe.

Niseme wazi kwamba yule dada alikuwa amefungwa. Kwenda mbele hakuweza bila vipande vile. Kurudi nyuma hakuweza, kiti chake cha zamani ofisini kilishakaliwa na mwingine. Kuhama ndiyo kabisa, kwa sababu udongo haupakiwi kwenye basi. Msimu ukianza hakwenda msiba wa mbali wala harusi, na meza yake ya kuandikia aliigeuza ikatazama ukuta ili asiyaone mahindi wakati anaandika habari zake. Nilipomtania kwamba ameolewa na shamba, alicheka kidogo, halafu akasema shamba lingekuwa mume angeshalishtaki kwa padri.

Sasa nije kwa Mama Mwenyekiti. Huyu aliongoza jumuiya yetu ndogondogo, ile ya kanisa inayokutana kila wiki nyumba kwa nyumba kusali na kusaidiana. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa, na habari za mgonjwa alizipata kabla mgonjwa hajajijua. Nyumba iliyoezuliwa na upepo, mjane aliyeshindwa kupalilia, yeye alikuwa ameshawakusanya watu kabla hujaomba. Kuomba kwenyewe alikuona kama aibu ya jumuiya, kwamba tulikuwa wapi mpaka mwenzetu akaomba.

Msimu wa tatu, ule wa mwisho, Bibi Shamba aliitwa chuoni kuonana na msimamizi. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Mama Mwenyekiti akapita njia ya shambani, akaona vipande vitupu vimenyong'onyea, vya njano, wakati jirani yake kuna vya kijani. Akajumlisha mwenyewe. Bibi Shamba ameishiwa mbolea, amegawa kidogo alichokuwa nacho, na anaona haya kusema. Mwaka ule kila nyumba ilikuwa inahesabu punje za chumvichumvi. Hata hivyo alizunguka kwa wanawake wa jumuiya, na kila mmoja akatoa kwenye mbolea ya mahindi yake, huyu bakuli, huyu kopo, mwingine kiganja tu kwa kuwa hakuwa na zaidi.

Nilikutana nao jioni nikitoka kazini, wanateremka njiani wakiimba, wameshanawa mikono. Nikamwamkia Mama Mwenyekiti shikamoo, akaniitikia kwa furaha, akasema, "Mwanangu, tumemfuta mwenzetu machozi."

Alipoeleza, sikungoja amalize. Nilikwenda mpaka shambani nikaona punje nyeupe kwenye kila shina la vipande vitupu, zimewekwa kwa uangalifu, hakuna shina lililorukwa. Nikaanza kuziokota kwa vidole. Wingu lilikuwa limeshashuka kutoka milima ya Matogoro, na mvua ilipoanza nilikuwa bado niko kwenye mstari wa kwanza, nalia kama mjinga.

Bibi Shamba aliporudi, njano ilikuwa imekwisha na vipande vyote vilikuwa vimekolea kijani. Wanawake walimngoja mlangoni na ndoo ya togwa. Niliwahi kumpokea barabarani nikamwambia, kwa hiyo alifika nyumbani akiwa anajua. Aliweka begi chini, akatazama shamba. Kisha akamshukuru kila mwanamke kwa jina lake, akachinja kuku, akaimba nao kwa ile sauti yake mbaya, akacheza. Sijaona mtu akicheza vile huku anazama.

Walipoondoka alikaa kwenye kizingiti cha jiko.

"Wametoa kwenye chakula cha watoto wao," alisema. "Sasa mimi nimkasirikie nani?"

Nikamwambia jambo lililokuwa kichwani mwangu tangu siku ya mvua. "Dada, namba nazipiga mimi. Chukua za mwaka jana, punguza hapa, ongeza pale. Nani atatoka huko aje Mshangano kuuliza?"

Akaniuliza, "Wewe unapanda mahindi?"

"Unajua napanda."

"Siku mbolea ya dukani ikikushinda kabisa, ukaamua kufuata kitabu, utafuata namba hizo zako?"

Nilikasirika, wala sikukubali. Ni mimi ambaye ningepiga chapa tena tangu mwanzo. Yeye akashika kichwa na kusema, "Mwizi ningemshtaki, mdogo wangu. Mbuzi ningemfunga. Hawa wananipenda, na sina pa kutokea."

Alimwandikia msimamizi ukweli mtupu. Jibu lilikuwa kwamba msimu ule hauhesabiwi na vipande vile vimekwisha kazi. Aanze vipya upande wa pili wa shamba, misimu miwili badala ya mitatu, na baada ya hapo muda wake chuoni hautaongezwa. Mwaka huohuo serikali ikapunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwao. Nilidhani hapo ataacha. Alirudi kutoka mjini na baiskeli yake, akaniambia kwamba amepunguzwa, akauliza kama kuku wake wameingia kwangu. Kesho yake alikuwa anapima vipande vipya kwa kamba.

Safari hii aliweka uzio wa miti na miiba. Akaenda kwenye jumuiya, akasimama mbele ya wote, akawaomba kwa heshima kwamba mtu asiingie mle wala asiweke chochote. Alijaribu kueleza. Nilikuwepo, na nawaambia alieleza vizuri, lakini watu hawakusikia maelezo, walisikia kwamba msaada wao umekataliwa. Mama Mwenyekiti alimuuliza tu, "Tulikukosea nini, mwanangu?" Naye akasema hawakukosea kitu, maana asingeweza kusema kwamba wema wao ulimpotezea shahada bila kumuumiza yule mama zaidi.

Tangu hapo sala za wiki ziliipita nyumba yake. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia njiani na kupita. Maneno yalisemwa kwamba usomi umempanda kichwani, kwamba amezungushia miiba mahindi ambayo hata nyani angeyaonea huruma. Niliyajibu mengine kwa ukali ambao padri aliusikia. Yeye mwenyewe alisema ni ya pembeni, lakini siku ya jumuiya ikifika kwangu, ua wa minyaa ukiwa katikati, nilimwona amekaa nje upande wake, anafuatisha nyimbo kwa midomo bila kutoa sauti.

Msimu wa kwanza wa vipande vipya ulikwenda salama. Msimu wa pili, palizi ikiwa imefika, malaria ikamwangusha. Shida ni kwamba shamba la utafiti hupaliliwa vipande vyote kwa pamoja, ndani ya siku chache, vinginevyo tofauti inakuwa ya magugu wala si ya mbolea. Alijaribu kuamka akaanguka mlangoni. Mimi nililima kipande kimoja na nusu, mgongo ukakataa. Magugu yalikuwa yanapanda, muda wa chuo ulikuwa unakwisha, na watu pekee ambao wangeweza kulimaliza shamba lile ndio aliowawekea miiba.

Nikaenda kwa Mama Mwenyekiti bila kutumwa. Nilimkuta anapepeta maharage. Nikaamkia, nikakaa chini, nikaeleza yote tangu mwanzo, pamoja na lile ambalo Bibi Shamba alikataa kulisema, kwamba mbolea yao ndiyo iliyomrudisha mwanzo. Aliacha kupepeta.

"Kwa hiyo siku ile alichinja kuku," alisema, "na moyoni alikuwa na hilo."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa anataka tumsaidie, halafu tusimsaidie."

Nikasema ndiyo, ni hivyo hasa. Akasimama, akajifunga kanga.

Alikuja kwanza kwa mgonjwa. Hawakuombana msamaha kwa maneno. Mama Mwenyekiti alimshika paji la uso, akasema yuko moto, akauliza amekula nini. Kisha akasema, "Tutapalilia vyote sawa. Hatutaweka kitu. Ila nikuombe mstari mmoja, mwanangu. Mmoja tu. Siwezi kupita kwenye mmea wenye njaa mikono mitupu, nitaumwa mimi."

Bibi Shamba alifumba macho nikadhani amelala. Halafu nikaona anacheka, meno yakigongana kwa homa. "Chukua ule wa nje kabisa," alisema. "Haupimwi, na iko mingine kati yake na ile inayopimwa. Lakini usiguse mstari wa pili."

Walipalilia, wanawake wote, hata waliosema ya nyani. Walipofika vipande vitupu waliacha kuimba. Nimewahi kuona watu wakifanya kazi ngumu, lakini sijaona ngumu kama ile, wanawake wa Kingoni waliozoea kulisha kila kinachoinuka, wanafukia magugu na kuyapita mahindi ya njano bila kuyapa kitu. Mama Mwenyekiti alikuja na bakuli lake la bati, akaulisha mstari wake wa nje, shina kwa shina, huku akiutupia jicho wa pili. Hakuugusa.

Mavuno yalipimwa. Kitabu kilipigwa chapa kwa mara ya mwisho, si na mimi bali kwenye kompyuta ya duka moja mjini, maana ofisi yetu nayo ilikuwa imenunua kompyuta na kunipunguza. Alinilipia nauli ya kwenda kukagua tu, akisema macho yangu yanayajua makosa ya kitabu kile kuliko ya mtu yeyote. Alipotetea tasnifu yake, wakaguzi waliona kwenye picha ya shamba mstari mmoja wa kijani ukingoni mwa kipande kitupu, wakauliza ni nini. Akawaambia huo ni wa Mama Mwenyekiti. Alivyonisimulia, walisubiri aendelee, naye akafunua ukurasa uliofuata.

Shahada akapata. Alivaa joho akiwa peke yake, akarudi na picha yake kwenye bahasha. Ile nafasi ya kituo cha utafiti haikuwepo tena, serikali ilikuwa imesitisha ajira, na aliyemwahidi alikuwa amestaafu. Niliposikia nililaani watu ambao siwajui. Yeye alibandika picha ukutani, pale meza ilipokuwa inatazama, akatoka kwenda kufungulia kuku. Sitasema alikuwa na furaha. Alikuwa kama mtu aliyesukuma mlango miaka mingi, ukafunguka, akakuta uwanja wa nyumba ileile.

Mimi nilihama Songea kumfuata mwanangu aliyepata kazi Makambako, na miaka ikapita bila kuonana. Nilirudi mwaka niliposikia Mama Mwenyekiti amefariki, lakini habari zilichelewa na maziko nikayakosa. Nikaenda Mshangano hivyohivyo.

Njia nzima niliona maua ya njano. Marejea, shamba baada ya shamba, hata kwa wale waliomcheka. Wengi walijifunza kwake, walikuja wakaona vipande vimesimama pamoja, vya dukani, vya marejea, na vitupu, wakaamua wenyewe. Alikuwa akiwafundisha bila mshahara, kwa kuku na mahindi ya kuchoma.

Nilimkuta shambani, buti zilezile au ndugu zake, kichwa cheupe. Tulikumbatiana, tukamtaja marehemu. Vipande vitupu bado vilikuwepo, vya njano, vya kuhurumiwa. Nikamuuliza anavitesea nini na shahada alishaipata. Akasema watu bila kuviona hawaamini.

Kisha nikaona mstari wa nje. Ulikuwa wa kijani, umenyooka, umelishwa.

"Nani anauwekea?" niliuliza. "Mwenyewe si amekwenda?"

Nilingoja aseme ni ya pembeni hayo. Hakusema. Alifuta uso kwa upande wa kanga, akainama kwenye kivuli cha baiskeli, akatoa bakuli la bati lililokuwa na chumvichumvi nusu. Nililijua lile bakuli.

"Leo ndiyo siku yake ya kuwekewa mara ya pili," alisema. Akanikabidhi. "Anzia kule, mdogo wangu. Na usiguse mstari wa pili."